Nyoka mwenye mistari kichwani: jinsi ya kumtambua nyoka wa nyumbani

Mahindi yakishaingia ghalani, panya nao huingia. Wiki chache baadaye mtu anamulika tochi ya simu kwenye kona ya stoo usiku, anaona nyoka wa kahawia akipita taratibu kando ya magunia. Kinachofuata tunakijua sote. Kelele, fimbo, watoto wanakimbilia nje, na asubuhi nyoka aliyepondwa kichwa amelazwa njiani ili kila apitaye amwone.

Huenda nyoka huyo alikuwa nyoka wa nyumbani. Ni mmoja wa nyoka wanaoonekana sana karibu na makazi ya watu Afrika Mashariki, na sehemu nyingine nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Hana sumu. Alikuja kuwinda panya, na sasa yeye amekufa na panya wamebaki na mahindi yako.

Wasikilizaji wengi hutuuliza: je, mtu wa kawaida, asiye mtaalamu, anaweza kumtambua nyoka huyu? Jibu ni ndiyo, kwa macho tu, akiwa amesimama mbali. Tunasisitiza kusimama mbali kwa sababu yuko nyoka mwingine ambaye gizani anaweza kufanana naye, naye ana sumu inayoweza kukugharimu kidole. Tutamfikia.

Anza na kichwa

Wanasayansi humweka nyoka wa nyumbani katika kundi liitwalo Boaedon. Kwa Kiswahili hana jina moja linalojulikana kila mahali. Wengine humwita nyoka wa nyumbani, wengine nyoka wa panya, na wengi humwita nyoka tu. Kwa hiyo jina halitakusaidia sana. Tazama kichwa.

Kila upande wa kichwa chake una mistari miwili myembamba, ya rangi ya maziwa au njano iliyofifia. Mstari wa juu unaanzia karibu na pua, unapita jichoni na kuendelea hadi kisogoni. Wa pili unaanzia chini ya jicho na kushuka kuelekea pembe ya mdomo. Ukimtazama kutoka juu, ile mistari miwili ya juu, mmoja kila upande, inaonekana kama herufi V ambayo ncha yake iko puani. Hii ndiyo alama kubwa ya nyoka huyu. Kwa nyoka mzee, ambaye rangi imekolea hadi kukaribia weusi, mistari inaweza kufifia, na hapo inabidi uangalie mambo mengine zaidi ya kichwa.

Mwili ni wa kahawia. Wengine ni wekundu kama tofali la kuchoma, wengine kama kahawa iliyotiwa maziwa kidogo, na wengine wameiva kama chungu kilichokaa mekoni miaka mingi. Mgongoni hana madoadoa makubwa wala pingili za rangi, ingawa baadhi ya wadogo huwa na mabaka hafifu sehemu ya mbele. Magamba yake ni laini, yamelala vizuri. Ukimmulika kwa tochi utaona mng'ao wa rangi nyingi unaoteleza mwilini, kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Tumbo ni jeupe au la rangi ya krimu.

Kwa urefu, wengi ni kati ya sentimita 60 na 90. Majike ni wakubwa kuliko madume, na jike mkubwa anaweza kufika sentimita 120. Kichwa ni kipana kidogo kuliko shingo, kwa hiyo unaweza kuona shingo inapoanzia. Mkia unapungua taratibu hadi ncha nyembamba. Mkumbuke mkia huo, tutaurudia.

Kuhusu mwendo, ni mtu wa usiku. Mchana hulala chini ya mawe, kwenye rundo la matofali, kwenye kichuguu kilichoachwa, ndani ya paa la nyasi au nyuma ya mtungi ambao haujasogezwa tangu mwaka jana. Giza likiingia anatoka. Hana haraka, hanyanyui shingo wala haitanui, na wala hatemi kitu. Ukimsumbua hukimbia, au hujikunja. Ukimkamata atauma, kama panya au paka atakavyofanya ukimkamata. Meno yake ni madogo mengi yaliyopinda kwa ndani, hayana mifereji ya sumu, na alama yake ni mikwaruzo midogo inayotoka damu kidogo.

Amefuata nini ndani?

Tunajua kwamba katika vijiji vingi nyoka akionekana chumbani, swali la kwanza ni nani amemtuma. Hatutabishana na imani ya mtu hapa. Tunachoweza kusema ni kwamba nyoka huyu hufuata harufu ya chakula, na chakula chake kikuu ni panya. Hula pia mijusi, wakiwemo mijusi kafiri wa ukutani. Hana sumu ya kuulia, kwa hiyo huua kama chatu: humng'ata panya, humviringa, hukaza mpaka panya anakufa, kisha humeza kuanzia kichwani.

Faida yake kubwa ni umbo lake. Paka humsubiri panya nje ya shimo. Nyoka mwembamba huingia shimoni na kuwakuta watoto wa panya kwenye kiota, ambako paka wala mtego havifiki. Panya shamba, yule anayesumbua zaidi wakulima wa mahindi katika ukanda wetu, anaweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja, na mimba yake ni ya wiki tatu na siku kadhaa tu. Watafiti wamekadiria kuwa panya huwapotezea wakulima wa Tanzania kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi kila mwaka, na miaka ambayo panya hufumuka hasara huwa kubwa zaidi ya hapo kwenye mashamba yaliyovamiwa. Panya hubeba pia magonjwa. Watu wa Lushoto, mkoani Tanga, hawahitaji kuelezwa: ugonjwa wa tauni uliingia huko mwaka 1980 na ukaendelea kurudi kwa zaidi ya miaka ishirini, na tauni huenezwa na viroboto wa panya.

Hatusemi nyoka mmoja atamaliza panya wa ghala zima. Hawezi, na anayekuambia hivyo anakudanganya. Lakini ni mfanyakazi asiyelipwa, na kumuua kunapunguza mkono mmoja.

Wafugaji wa kuku hutuuliza kama ni yeye anayeiba mayai. Huyu wa nyumbani si mla mayai. Ukikuta mayai yanapotea banda likiwa limefungwa, wapo wengine wa kushukiwa, na mmoja wao ni swila, ambaye hupenda sana mabanda ya kuku. Kwa hiyo usiingize mkono kwenye kiota bila kumulika.

Kanuni zisizofaa zinazozunguka kwenye simu

Kuna ujumbe unaosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, wakati mwingine ukiwa na picha nzuri za kuchora. Unasema nyoka mwenye mboni ya jicho iliyosimama kama ya paka ana sumu, na mwenye mboni ya duara hana. Unaongeza kwamba nyoka mwenye sumu ana kichwa cha pembetatu.

Kwa hapa kwetu kanuni hiyo ni ya hatari. Chanzo chake ni Marekani, ambako nyoka wengi wenye sumu ni wa jamii ya kifutu, na kweli hao wana mboni za kusimama na vichwa vipana. Afrika mambo ni tofauti. Koboko ana mboni ya duara. Swila ana mboni ya duara. Mamba wa kijani, yule wa kwenye miembe na mikorosho ya pwani, ana mboni ya duara na kichwa chembamba kama jeneza. Ukifuata ujumbe ule, hawa wote watatu utawaita salama.

Na nyoka wetu wa nyumbani, asiye na sumu, ana mboni iliyosimama. Kanuni inamuua asiye na kosa na kuwaachia wauaji. Ukipokea ujumbe huo, usiupeleke mbele.

Kichwa cha pembetatu nacho hakisaidii, kwa sababu nyoka wengi wasio na sumu hubapaza vichwa wanapoogopa ili waonekane wakali. Yuko mla mayai wa porini, asiye na sumu wala meno ya maana, ambaye hujiviringa na kusugua magamba yake hadi yatoe sauti ya kukwaruza, akimuiga nyoka mwenye sumu. Wengi humkimbia, na ndilo analotaka.

Anayefanana naye ambaye hupaswi kumgusa

Sasa tufike kwa yule tuliyemtaja mwanzoni. Ni nyoka mchimbaji anayeishi chini ya udongo, ambaye wanasayansi humwita Atractaspis. Hutoka usiku, hasa baada ya mvua, na huweza kuingia ndani. Ana rangi ya kahawia iliyokolea au nyeusi, na magamba laini yanayong'aa. Mtu akimwona kwa tochi hafifu anaweza kusema, "Ah, huyu ni wa nyumbani," akamwokota amtoe nje.

Meno yake ya sumu ni marefu kuliko unavyotegemea kwa kichwa kidogo namna ile, na anaweza kulichomoza jino moja pembeni mwa mdomo bila hata kuufungua. Halafu humchoma mtu kwa kuvuta kichwa nyuma na kando. Ndiyo maana ile mbinu ya kumshika nyoka nyuma ya kichwa, ambayo vijana wengi wanajivunia, kwa huyu haifanyi kazi. Atakuchoma ukiwa umemshika "vizuri" kabisa. Maumivu ni makali, mkono huvimba, na nyama ya kidole inaweza kufa hadi kidole kikatwe. Dawa za kuzuia sumu ya nyoka zinazotumika kwa kawaida katika hospitali za Afrika hazifanyi kazi kwa sumu yake.

Mtofautishe hivi. Nyoka mchimbaji hana ile mistari kichwani. Kichwa chake ni kidogo, butu, na kimeungana na mwili bila shingo kuonekana, kama kidole. Macho ni madogo sana kama vichwa vya pini nyeusi, wakati ya nyoka wa nyumbani yanaonekana wazi. Mkia ni mfupi na unaishia ghafla kwa kijincha kama mwiba, badala ya kupungua taratibu. Mara nyingi akisumbuliwa huinamisha pua chini na kupinda shingo kama anayetaka kuchimba sakafu. Ukiona mkao huo, rudi nyuma.

Wengine wanaokanganya ni watoto wa swila. Wakiwa wadogo baadhi yao ni wa kijivu au kahawia, wembamba, na huingia ndani usiku kama huyu wetu. Hawana mistari miwili ya kichwani, wengi wana mkanda mweusi chini ya koo, na wakitishwa hunyanyua sehemu ya mbele ya mwili na kutanua shingo. Hata mtoto anatema sumu machoni. Mkubwa huweza kuifikisha mita mbili na zaidi.

Kifutu, ambaye pwani huitwa pia moma au bafe, si rahisi kumchanganya. Ni mnene, mfupi, mzito, na mgongo wake una michoro ya V iliyofuatana.

Piga picha, usimguse

Simu uliyonayo mkononi ni kifaa kizuri cha kumtambulia nyoka kuliko fimbo. Simama hatua tano au zaidi, kuza picha badala ya kusogea, na upige kadhaa: kichwa kutoka juu kama nafasi inaruhusu, kichwa kutoka ubavuni, mwili mzima, na mkia. Picha moja yenye giza ya mgongo tu haimsaidii mtaalamu yeyote. Na usimsogeze kwa kijiti ili akae vizuri kwenye picha.

Hata nyoka aliyekufa usimshike. Kichwa chake kinaweza kuuma kwa muda baada ya kuuawa.

Gamba alilolivua nalo linaeleza kitu. Nyoka walikuwa wakijivua gamba kabla wanasiasa hawajaliazima neno hilo, na gamba likikutwa ghalani watu huogopa kana kwamba nyoka mwenyewe yumo ndani yake. Lieneze kwenye karatasi ulipime. Gamba la kichwa likiwa halijachanika, angalia kama kichwa kinapanuka kidogo kuliko shingo, na kama mkia unamalizikia na ncha ndefu nyembamba. Ni dalili tu. Usijenge uhakika juu ya gamba.

Akiwa ndani ya nyumba

Watoe watoto na mbwa. Acha mtu mmoja aendelee kumtazama kutoka mbali, maana nyoka aliyepotea machoni chumbani ni shida kubwa kuliko anayeonekana. Fungua mlango wa nje na umwachie njia. Wengi hutoka wenyewe chumba kikitulia.

Ikiwa umeona mistari miwili ya kichwani waziwazi, na shingo, na mkia mrefu, unaweza kulaza ndoo kwa ubavu mbele yake na kumsukuma taratibu kwa ufagio wa mpini mrefu mpaka aingie, kisha ukamwachia kwenye vichaka mbali na njia ya watu. Kama hujaona alama hizo, au umeona mbili na ya tatu huna hakika, mchukulie kuwa ana sumu. Mpigie afisa wa wanyamapori wa eneo lako, au tafuta mtu mwenye ujuzi kijijini. Si aibu kutokuwa na hakika usiku kwa mwanga wa tochi.

Kumwaga mafuta ya taa, kuchoma matairi au kutandaza vitunguu saumu mlangoni hakutegemewi kufukuza nyoka, na mafuta ya taa ndani ya nyumba ya nyasi yana hatari yake. Kinachosaidia ni kuondoa kilichomleta. Weka magunia juu ya chanja, ziba matundu ya ukutani, na usogeze kuni na matofali mbali na nyumba. Kama mnalala chini, chomeka chandarua vizuri chini ya mkeka au godoro. Swila wanajulikana kuuma watu waliolala usingizini.

Mtu akiumwa

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 liliingiza tatizo hili katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Wengi wa wanaoumwa ni wakulima, wafugaji na watoto wa vijijini.

Kwa hiyo, hata kama unaamini aliyekuuma ni nyoka wa nyumbani, osha kidonda kwa maji na sabuni na uende kituo cha afya. Usihesabu matundu. Watu husema matundu mawili ni sumu na mikwaruzo si sumu, lakini nyoka mchimbaji mara nyingi huacha tundu moja tu. Hata kwa nyoka asiye na sumu, kidonda kinahitaji kuangaliwa kwa sababu ya pepopunda.

Vua pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujaanza. Aliyeumwa atulie, asitembee kama anaweza kubebwa, na sehemu iliyoumwa isitikiswe. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, na usipoteze saa moja ukitafuta jiwe jeusi la nyoka. Jiwe hilo halitoi sumu mwilini. Sumu ikiingia machoni, suuza kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali.

Kama mtu mwingine aliwahi kupiga picha ya nyoka akiwa mbali, mwonyesheni mganga. Kama hakuna picha, msirudi kumtafuta nyoka. Mganga hutibu dalili anazoziona, na muda mtakaoutumia kupekua magunia ndio muda ambao mgonjwa angekuwa tayari barabarani.